Vitabu Vilivyovaa Kalenda

Ukimwona mama wa umri wangu kwenye basi la Katuba, kashika kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, usidhani anakihurumia kitabu. Anajihurumia mwenyewe. Hapa Lubumbashi kila mtoto anafundishwa kufunika vitabu vya masomo mwezi wa tisa, na sisi tuliokulia katika kambi za kampuni ya madini ya Gécamines tulifunika kwa chochote kilichopatikana: gazeti, karatasi ya mfuko wa saruji iliyopanguswa vumbi, kalenda ya mwaka uliokwisha. Ndiyo maana kitabu kilichofunikwa hakimshangazi mtu. Walinzi wote wa adabu, yaani mashangazi, majirani na wazee wa kanisa, wanakipita bila kukitazama mara mbili. Nje ni mwezi wa Desemba, na picha ya maporomoko ya Lofoi. Ndani, daktari wa upasuaji mwenye macho ya kijivu anamwambia muuguzi wake kwamba tangu azaliwe hajapenda hivi.

Nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya malori. Mchana nahesabu mafuta, magurudumu, na siku ambazo dereva amekwama mpakani Kasumbalesa. Jioni, bukari, yaani ugali, ikishaliwa na vyombo vikishaoshwa, nasoma Harlequin, vile vitabu vidogo vya mapenzi. Sisemi "nilikuwa nasoma nilipokuwa msichana", kama wanavyosema wenzangu. Nasoma hadi leo, nina miaka 51, mume, watoto, na kiti katika kamati ya fedha ya parokia. Mtu akiniuliza nasoma nini, kwa muda mrefu nilimtajia mwandishi aliyekwisha kufa na aliyepewa tuzo. Mji huu hautegemei jibu jingine kutoka kwa mama aliyesoma. Kitabu ni cha mtihani au ni cha sala. Kitabu cha kufurahisha roho tu, mtu mzima, mchana kweupe? Huna kazi?

Kwa hiyo kila msomaji ana kisingizio chake. Nimewachunguza sana. Sijakutana na mtu anayesema "nasoma kwa sababu napenda". Atakuambia ni kwa ajili ya Kifaransa, ni kwa ajili ya siasa, ni kwa ajili ya maombi. Visingizio hivyo vitatu nimevilea vyote ndani ya ukoo wangu, na nitafika huko.

Kwanza Harlequin yenyewe. Pale lise, yaani sekondari, tulibishana kama Harlequin ni mwanamume au mwanamke, na wengi walishikilia kwamba ni bibi tajiri wa Paris. Kumbe ni kampuni ya Kanada, iliyozaliwa Winnipeg mwaka 1949, na wasomaji wa Kifaransa walianza kuipata kwa lugha yao mwaka 1978. Ina mikusanyo kwa majina ya rangi. Azur ni ya matajiri: visiwa, ndege binafsi, wanaume ambao hata ukifika mwisho hujui kazi yao hasa ni ipi. Blanche ni ya hospitali. Mimi ni mtu wa Blanche. Naipenda kwa sababu hakuna hadithi ya kubuni kuizidi: mgonjwa anafika usiku anavuja damu, anapokelewa, anapasuliwa, anapona, na kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho hakuna anayemwuliza kwanza kaja na kiasi gani. Hakuna mama aliyejifungua anayezuiliwa wodini wakati familia inazunguka mji kutafuta franga za kumtoa. Wanaosema Harlequin inadanganya kuhusu mapenzi hawajaona inavyodanganya kuhusu dirisha la malipo.

Navipata kwa wauza vitabu wa chini, wale wanaotandika turubai kando ya njia katikati ya mji. Wanapanga kwa akili. Mbele kamusi, Biblia, vitabu vya sheria, na miongozo ya uhasibu wa OHADA, ambayo tangu nchi yetu iingie OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012 haijakosa mnunuzi. Nyuma, karibu na magoti ya muuzaji, kuna katoni isiyo na maandishi. Kijana wangu ananijua.

"Mama, nilikubakishia kamoya."

"Kale ka ba docteur?"

"Njo kale."

Halafu, kwa heshima kubwa, anakatumbukiza katikati ya mwongozo wa OHADA na kunikabidhi vyote viwili, mwongozo nikiwa nimeuazima hadi kona ya barabara tu, mdogo wake anaufuata pale. Siku moja nilikutana hapo na mhasibu wa kampuni nyingine, mwanamume mzima, mkali wa hesabu. Tulisalimiana. Kila mmoja alikuwa na OHADA mkononi, na zote mbili zilikuwa nene kupita kiasi. Hatukuulizana.

Vitabu vya chini vina ugonjwa wao: kurasa za mwisho hazipo. Vimepita mikono mingi, vimelaliwa, vimekaliwa, vimewashia mbabula, jiko la makaa. Na hapo ndipo utaona ubora wa Harlequin ambao wasomi hawauzungumzii. Ikikosa kurasa kumi na tano za mwisho, hujapoteza kitu. Wataoana. Unafunga kitabu, unalala. Lakini jaribu hivyo kwa James Hadley Chase! Yule Mwingereza, ambaye jina lake la kweli ni René Raymond, alikuwa akiuza ensaiklopidia nyumba kwa nyumba kabla ya kuwa mwandishi, na alitunga hadithi za majambazi wa Marekani akiwa na ramani na kamusi ya misimu ya kule mezani. Alijua kukokota mtu. Chase bila mwisho ni mateso: unajua nani amekufa, hujui nani ameua, na muuzaji anakuambia kwa uso mtulivu kwamba alikinunua hivyohivyo. Nina Chase tatu za namna hiyo. Wauaji wake wako huru hadi sasa.

Karatasi ya kalenda inaficha picha, lakini haifichi umbo. Harlequin ina kimo chake na unene wake, na anayezijua anazijua hata zikiwa ndani ya gazeti. Hilo nilifundishwa na mama mmoja ndani ya basi, amepakata ndoo, ambaye alinitazama kituo baada ya kituo, nikafikiri ananidai. Mwishowe akaniinamia sikioni.

"Samahani, mama. Hiyo ni Azur ao ni Blanche?"

"Blanche."

"Ukimaliza?"

Anauza unga kwa jumla soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Ana Harlequin nyingi kunizidi, ndani ya gunia, chini ya meza ya kuuzia, na anazikodisha kwa wauza samaki na wauza nyanya kwa bei anayoipanga kulingana na hali ya jalada. Tumekuwa tukibadilishana tangu siku hiyo. Vyangu vinamfikia na mistari ya penseli, tabia ya uhasibu. Vyake vinanifikia na unga kati ya kurasa. Mume wake anajua kwamba lile gunia ni la karatasi za kufungia karanga.

Sasa Kifaransa. Lise yangu ilikuwa ya maseri, watawa. Nyuma ya chumba cha ushonaji kulikuwa na kabati la vitabu, na ndani yake riwaya za mapenzi za Delly, safu nzima, vimevaa plastiki, vikiazimishwa Jumamosi. Delly ilikuwa halali. Harlequin ilikuwa haramu: ukikutwa nayo, inachukuliwa, na baba anapata barua. Mimi niliyezisoma zote mbili usiku mmoja, moja kwa ruhusa na nyingine kwa tochi, nakuambia hadithi ni ileile. Msichana yatima, maskini, mnyoofu. Mwanamume mwenye kasri na uso wa baridi. Kutoelewana kwa kurasa mia moja na zaidi. Mvua kubwa, au homa. Ndoa. Tofauti ni kwamba katika Delly mwanamume anabusu mkono, na katika Harlequin mlango unafungwa kwanza.

Tena hao Delly walikuwa wawili, Marie na Frédéric Petitjean de La Rosière, dada na kaka yake, Wakatoliki wa Ufaransa, na wasomaji wao hawakujua lolote mpaka Marie alipofariki mwaka 1947. Nalipenda sana jambo hilo. Mama Seri alikuwa akitukataza vitabu vya kujificha kwa kutupa vitabu vya watu waliojificha.

Nyumbani, baba akinikuta na kitabu kisicho cha masomo, nilikuwa na jibu tayari: "Ni ya Kifaransa, papa." Akapita. Haukuwa uongo mtupu. Mwalimu wetu wa Kifaransa aliwahi kusimama mbele ya darasa na insha zetu mkononi, akauliza kwa nini tumeagizwa kueleza safari ya kwenda Likasi kwa treni, na katika insha ishirini abiria wote wana midomo inayotetemeka.

Mtu pekee ambaye sikumpa kisingizio alikuwa kambo yangu, mama mzazi wa mama yangu. Hakusoma. Umeme ulipokatika alikaa karibu na mbabula, nami nikamsimulia Harlequin kwa Kiswahili chetu, nikitafsiri kichwani, nikiruka pale pa kurukwa. Huko ndiko nilikojua hadithi zile zina matundu kiasi gani.

"Huyu bwana, mama yake eko wapi?"

"Alikufa, kambo."

"Na mama ya binti?"

"Alikufa naye."

"Eh. Na bajomba?"

"Hawasemi."

Kambo akachochea makaa. "Basi mali atapokea nani?"

Ikabidi niwatungie wajomba. Tajiri wa meli kutoka Athens alituma watu. Wajomba wakadai mbuzi, suti, vitenge vya shangazi na baiskeli. Tajiri akanung'unika, akatoa. Kambo akaridhika, hadithi ikaendelea. Mke wa kwanza, ambaye mwandishi alimfukuza kwa sentensi moja ili mlango uwe wazi kwa msichana wetu, kambo hakumwacha apotee hivyo. Aliuliza habari zake kila jioni hadi nikamrudisha, nikampa nyumba na sehemu ya shamba. Kuna kitabu kimoja ambamo kambo alikataa kabisa ndoa, kwa sababu bwana yule hakulia kwenye msiba wa mfanyakazi wake, na mtu asiyelia kwenye msiba usimpe binti. Nikafuta ndoa. Msichana akarudi kwao, akaolewa na mwalimu. Ninaamini hadi leo kwamba Harlequin za kambo zilizidi za Winnipeg, na najuta tu kwamba hakuishi hadi Adoras. Ule mkusanyo wa mapenzi ulioanzishwa Abidjan mwaka 1998 na Nouvelles Éditions Ivoiriennes ungemfaa sana: wapenzi weusi, miji yetu ya Afrika, na ukoo unaoingilia kila kitu. Huku kwetu zilifika moja moja, ndani ya mizigo ya wasafiri, na mama wa unga anazikodisha mara mbili ya bei.

Kisingizio cha pili, siasa, kilikuwa cha baba mdogo. Alikuwa mkaguzi wa shule, mtu wa tai hata Jumapili mchana. Sebuleni kwake kulikuwa na kabati la kioo lenye ensaiklopidia ambayo migongo yake haikuwahi kukunjwa. SAS zake, riwaya za majasusi, zilikaa chumbani, ndani ya sanduku la chuma, chini ya makoti, kwa sababu hakuna jalada la SAS la kumwonyesha mgeni: miaka nenda miaka rudi ni mwanamke aliyevaa kidogo, na silaha. Mwandishi wake, Gérard de Villiers, alianza mwaka 1965, akafikisha vitabu 200 kabla hajafariki Oktoba 2013, na shujaa wake Malko Linge, mwanamfalme wa Austria anayeitumikia CIA ili apate fedha za kukarabati kasri lake, hakumaliza kukarabati.

"Mwanangu," baba mdogo aliniambia aliponiona nalitazama sanduku, "mambo yaliyo humu hutayapata kwenye gazeti." Kwa wakati ule hakukosea sana. Mwaka 1978, mwaka uleule askari wa miavuli wa Ufaransa waliposhuka Kolwezi, ilitoka SAS yenye jina la nchi yetu la wakati ule, Panique au Zaïre. Magazeti yetu ya siku zile yalijaa sifa za kiongozi. Mtu aliyetaka kunusa kilichopikwa kwenye balozi alifungua sanduku lake. Na Januari 2013 jarida la New York Times lilichapisha makala ndefu juu ya de Villiers, namna majasusi na wanadiplomasia walivyompa habari. Baba mdogo angeishi kuiona angeitia kwenye fremu, palepale juu ya kabati la kioo.

Nilizisoma SAS zake kwa siri, wakati wa likizo, hiyo ya Zaire na nyingine chache. Naweza kusema mtu yule alijua kuandika ukurasa unaokimbia. Lakini kati ya kurasa hizo niliingiwa na aibu ambayo kalenda haiifichi. Nilikuwa nikitafuta mtu wa kwetu wa kumfuata, hata mwovu, mradi awe na akili na maneno yake. Nilipata jasho, hongo na makalio. Wanawake wanapimwa kabla hawajasema. Weusi wanapimwa na hawasemi. Nilifunga kitabu nikamwendea baba mdogo, jambo ambalo lilinigharimu kwa sababu ilibidi kwanza akubali kwamba sanduku lipo.

"Baba mudogo, humu ndani sisi tuko wapi?"

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Zile kurasa unaziruka," akasema.

Lakini ukiziruka zile kurasa, SAS inabaki na viwanja vya ndege na hoteli.

Tangu hapo nazitenganisha aibu mbili, na marafiki zangu wanazichanganya. Ile ya kalenda tumebandikwa na watu: naogopa wanione mwepesi, naogopa mzee wa parokia aone jalada la mtu na mpenzi wake akadhani hesabu za sadaka ziko mashakani. Hiyo si yangu, naweza kuivua leo, na ndiyo naivua hapa. Ile nyingine inatoka ndani ya kitabu chenyewe, kinapomdharau anayekishika au kinapomdhuru asiyekishika. Hiyo siivui. Mtu akiniambia "jifurahishe tu, usione haya", namwuliza haya ipi.

Kuna haya moja inayonikera hasa, na haina hata jasho wala mpenzi ndani yake. Dada yangu alisoma fasihi kule Kasapa, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Mwandishi V. Y. Mudimbe alifundisha hapo miaka ya 1970, na kivuli chake kilikuwa bado kirefu. Wanafunzi walitembea na riwaya yake Entre les eaux, ya mwaka 1973, chini ya kwapa, jalada nje, iwe wameisoma au hawajaisoma. Zamenga Batukezanga, mwandishi mwingine wa kwetu, marehemu wa mwaka 2000, alikaa ndani ya mkoba. Vijitabu vyembamba vya wachapishaji wa Saint-Paul, bei ya mtu wa kawaida: uchawi, ndoa, mtu wa kijijini aliyefika mjini, mtu wa mjini aliyesahau kijiji. Wakubwa walisema anaandika vyepesi. Dada yangu alimsoma Mudimbe kwa ajili ya mtihani na akamsoma Zamenga mpaka kurasa zikaachana na uzi. Mudimbe ni mkubwa, sibishani, na nimemrudia mwenyewe nikiwa mtu mzima. Lakini kuona haya kwa sababu kitabu kinaeleweka na mama yako? Kuficha kitabu cha Mkongo ndani ya mkoba ili uonekane msomi mbele ya Wakongo wenzako? Hapo napandwa na hasira, na dada yangu, ambaye sasa anafundisha, anajua mada hii tusiiguse mezani.

Kisingizio cha tatu kinalala nami kitanda kimoja. Mume wangu ni mhandisi wa madini, mtu wa tanuru na asidi, mtu wa kuniambia kwamba lisilopimika halipo. Madaktari wangu anawacheka. Basi siku moja nilikuwa natafuta koleo ndani ya kisanduku chake cha vyombo, nikakuta, chini ya spana, shuhuda. Mnazijua: vile vitabu vinavyouzwa kwenye milango ya makanisa, mtu aliyemtumikia Shetani anasimulia alivyotolewa. Kilichokuwa juu kilikuwa cha yule Mnigeria, Emmanuel Eni, cha mwaka 1987, ambacho tafsiri yake ya Kifaransa imezunguka Kongo nzima. Miji chini ya bahari, maabara za giza, wanawake wanaotoka majini.

"Papa wa batoto, hii ni nini?"

"Ni ya maombi."

"Ya maombi, na umekunja ukurasa pale mambamuntu anatoka ndani ya maji?"

Alicheka, ikabidi acheke. Mambamuntu tunamjua sote. Sebule nyingi za hapa Katanga zilikuwa naye ukutani miaka ya 1970, amechorwa na wachoraji wetu, nywele ndefu, mkia wa samaki, saa mkononi. Mume wangu alikua chini ya picha hiyo. Shuhuda anazisoma kwa raha ileile ninayoipata kwa madaktari, kwa sababu anajua zitakavyoisha: mtu anaingia gizani, anapewa magari, anadaiwa roho ya ndugu yake, anaokolewa. Haamini mji chini ya bahari. Anaupenda tu, saa nne za usiku, baada ya zamu.

Ila hapo nilimwambia jambo bila kucheka. Wapo wanaoamini. Wapo wazazi katika mji huu, na Kinshasa, waliomtoa mtoto nyumbani kwa sababu mchungaji alimwita mchawi, na vitabu hivi vimewapa maneno ya kumwitia. Nyumba yetu inapita watoto wa ndugu, wanaosoma kila kilicho na herufi. Tukakubaliana: shuhuda zikae kwenye spana, zisifike sebuleni. Harlequin zangu zimehamia sebuleni, chini ya televisheni, migongo nje. Mgeni wa kwanza kuziona alikuwa mzee wa parokia. Alizitazama, akanitazama, akaomba maji ya kunywa. Wiki iliyofuata mke wake akaja kuazima mbili.

Binti yetu mdogo hana haja ya kalenda. Simu haina jalada. Anasoma zile hadithi za mapenzi zinazotumwa kipande kwa kipande kwenye WhatsApp, wenyewe wanaziita chroniques, zimeandikwa na wasichana wenzake wa Abidjan, Dakar, Kinshasa. Haoni haya yoyote. Anazisoma jikoni kwa sauti, huku anachambua sombe, yaani kisamvu, na anapiga meza: "Mama, alimurudilia!" Mwanzoni nilimhurumia kidogo, kwa sababu kwenye basi hakuna atakayemwinamia sikioni kumwuliza anasoma nini, wote wanatazama simu, na huwezi kujua huyu yuko Zaburi na yule yuko kwenye ndoa ya siri. Baadaye nikaona kundi lake lina mamia ya wasichana wanaogombana hadi usiku wa manane kuhusu mtu ambaye hayupo duniani. Hawahitaji basi.

Nilianza kwa kusikiliza jikoni. Halafu nikawa naomba, kwa namna ya kupita, aniambie iliishaje. Akaniambia nusu, akacheka, akasema hizi si za wazee. Nina laini mbili kama kila mtu hapa.

Kwa hiyo, mwanangu, kwa kuwa najua unapita hapa kusoma ingawa husemi: yule Fleur de Katuba aliyetishiwa kuondolewa kundini kwa sababu ya kudai kipande cha Ijumaa kabla ya saa mbili, ambaye mnasema hakika ni mtoto wa sekondari asiye na kazi za kufanya nyumbani kwao, ni mama yako. Na yule wakili wa hadithi yenu asirudiwe. Mwambieni mwandishi. Mtu ambaye hajatuma hata mjomba mmoja.